Alumini Upande wa Abiria

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nimepewa nusu ya gari. Nusu kwelikweli, kwa urefu, kuanzia boneti hadi buti. Mama mkwe amelipiga mstari wa chaki katikati, akapangusa mikono, akasema tugawane.

Ni gari lake la zamani, lile la taa za mviringo, alilokuwa akizunguka nalo mji mzima enzi za ukunga wake. Kuna watu wazima na ndevu zao mjini humu waliozaliwa salama kwa sababu gari hili liliwaka siku hiyo. Tangu baba mkwe afariki limekaa bandani nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai, na kutu imelila mpaka milango inapitisha mwanga. Injini nzima. Bodi imebaki jina tu.

Wakwe tuko wawili. Mimi, na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Yeye ana karakana ya kuchomelea mageti, kwa hiyo nyumbani kwangu anaitwa Bwana Geti. Mimi nina duka la sufuria. Mama mkwe alituketisha kwenye benchi moja kama wagonjwa wanaosubiri sindano, akatoa maagizo. Bwana Geti atatengeneza upande wa dereva, mimi upande wa abiria. Kila mtu na bati lake, kila mtu na akili yake. Jumapili ya tarehe 21 atakuja kukagua, na ambaye upande wake utampendeza ndiye atakabidhiwa funguo, gari liwe lake.

Kisha akamgeukia Bwana Geti akamwambia, haya mwanangu, kazi kwako. Akanigeukia mimi akasema, na wewe.

Na wewe! Miaka yote hii nimemuoa binti yake. Bwana Geti ni mwanangu, mimi ni na wewe. Humu sina wa kumficha: inaniuma. Gari nalitaka, tena sana, lakini neno lile nalitaka zaidi. Hata mara moja tu. Hata kwa bahati mbaya.

Na kwa nini nipewe upande wa abiria? Nauliza tu.

Jumapili, 7 Septemba

Bwana Geti amefika bandani kabla yangu. Kavaa ovaroli mpya. Jumapili! Nimemkuta ameshaung'oa mlango wake na kuulaza mezani, anaupima huku akipiga mluzi. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, atatumia bati gani. Akanitazama kama niliyemuuliza maji ni ya nini. Akasema chuma, gari limezaliwa la chuma na litakufa la chuma. Hakufikiri hata kidogo. Mtu wa mageti, kila kitu kwake ni geti.

Mimi sikukurupuka. Nililizunguka gari. Nikaingiza kidole kwenye tundu la kutu, kikatokea upande wa pili. Nikajiuliza: si chuma hichohicho kilicholifikisha gari hapa? Na sisi tunakimbilia chuma tena? Nimeuza sufuria maisha yangu yote. Sufuria inachomwa moto, inamwagiwa maji, inasuguliwa kwa mchanga, inasahauliwa uani mvua nzima. Sijawahi kurudishiwa sufuria ya alumini kwa sababu ya kutu. Hata moja! Sasa mlango wa gari una nini cha ziada mpaka usiwe wa alumini?

Wazo hili lilinijia kidole kikiwa bado ndani ya tundu. Nilitetemeka kwa furaha.

Nikamwendea fundi wa bodi. Huyu amewekwa pale na mama mkwe atuelekeze, na nadhani pia atuamue tukikabana. Hukaa juu ya tairi akibangua karanga, ana maneno kama redio, lakini ukimuuliza jambo lolote la kazi, jibu lake la kwanza ni inategemea. Ndilo jina lake siku hizi, Fundi Inategemea. Nikamuuliza kipi bora, chuma au alumini. Akasema inategemea. Nikauliza inategemea nini. Akasema hiyo nayo inategemea. Halafu akafunguka: chuma ni kizito lakini kinasamehe, ukikosea kukigonga unakigonga tena. Alumini ni nyepesi lakini ina hasira zake, inabonyea, inapasuka, kuichomelea kunataka subira, na kamwe isigusane na chuma kitupu, lazima katikati uweke mpira, kwa sababu...

Sababu sikuisubiri. Nilikuwa nimeshalipata neno nililokuwa nalitafuta. Nyepesi!

Jumatatu, 8 Septemba

Duka nimelifungua kwa jina tu. Wateja wamenisumbua siku nzima. Nilikuwa kwenye utafiti.

Nilikata vipande viwili vya upana mmoja, kimoja cha alumini, kimoja cha chuma (nilikiokota chini ya meza ya Bwana Geti, hakikuwa na mwenyewe). Nikavining'iniza dirishani kwa uzi na kuvigonga kwa kijiko. Chuma kililia kwa muda mrefu. Alumini ililia kidogo ikanyamaza, kama mtu aliyekatizwa maneno. Ajabu! Nimegonga sufuria mbele ya wateja miaka nenda rudi na sijawahi kuzisikiliza. Nikaviweka juani, kisha nikavigusa kwa shavu. Alumini ilishika moto upesi, nikaitoa juani ikapoa upesi. Nikaleta sumaku. Ikakirukia chuma. Alumini, hata salamu hapana. Sasa sumaku imeona nini ndani ya chuma ambacho mimi sikioni? Niliduwaa na swali hilo mpaka mteja mmoja akapaza sauti kuuliza kama hapa panauzwa sufuria au pamefunguliwa chekechea.

Nilibonyeza pia kwa kidole gumba. Chuma kilikataa. Alumini ilibonyea. Hili nimeamua lisihesabiwe, kwa kuwa gari halipandwi kwa kidole gumba.

Jaribio kubwa liko jikoni. Glasi mbili za maji ya chumvi, kila kipande na glasi yake. Mke wangu ameuliza vyuma vinafanya nini ndani ya glasi zake za wageni. Nimemwambia ni sayansi. Akasema sayansi ikatafute vyombo vyake.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi! Glasi ya chuma maji yamekuwa ya kahawia, kipande kimeota vidonda. Glasi ya alumini, shwari. Kipande kinang'aa kana kwamba kimetoka dukani leo.

Nilimpigia simu mama mkwe palepale. Nikamweleza kwa mapana na marefu: mlango usiojua kutu, gari jepesi linalopanda kilima likicheka, wajukuu watauchezea na wajukuu zao pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mlango huo utafunga. Nikasema utafunga, mama. Akasema basi sawa. Basi sawa nini? Nilisubiri kidogo kwenye simu. Neno halikuja, akakata.

Bati la alumini nimelipata kwa yule anayeniletea sufuria. Nimelibeba mwenyewe kichwani mpaka bandani, na upepo ulinizungusha barabarani mara mbili. Fundi Inategemea alilipima kwa vidole akasema ni jembamba mno. Alumini ili iwe ngumu sawa na chuma sharti iwe nene zaidi, nusu tena ya unene wa chuma. Nikarudi na bati kichwani. Nikaja na jingine. Wepesi umepungua kidogo, lakini bado upo, nauona.

Bwana Geti alipojua ni alumini alishika meza asianguke kwa kicheko. Aliuliza kama mlango wangu utakuja na kifuniko chake. Aliuliza pia kama abiria ataiva kwa muda gani. Nilicheka naye ili asijue. Moyoni nilikuwa nachemka.

Ijumaa, 12 Septemba

Alumini imenipasukia. Si mlango, madigadi, lile bati la juu ya gurudumu. Mlango ni karibu bapa, hauna taabu. Madigadi ina mzingo kama shavu la mtoto, na kila nikigonga nipate mzingo huo bati linafanya ufa. Fundi Inategemea amesema kipigo kimelikaza, linataka kulegezwa kwa moto. Nikauliza moto kiasi gani. Akasema inategemea. Nikaondoka. Mtu una dharura, unaambiwa inategemea!

Nikaona nimchunguze Bwana Geti. Nilijibanza nyuma ya turubai nikachungulia. Yeye alikipasha chuma mpaka kikawa chekundu, ndipo akagonga, nacho kikamtii. Kumbe siri ni wekundu! Sikumuaga hata. Nikawasha tochi ya gesi, nikaielekeza kwenye bati langu, nikasubiri wekundu.

Nikasubiri. Bati jeupe vilevile. Nikausogeza moto. Jeupe. Nikastaajabu: hili ni bati gani lenye moyo mgumu hivi? Nikainama nilitazame vizuri, pengine wekundu umeanzia ndani. Hapo ndipo katikati palipolegea, pakaning'inia, na pande zima likadondoka sakafuni kama nta. Mpaka linaanguka lilikuwa jeupe! Tundu la ukubwa wa sahani. Unyusi wangu mmoja nao umekwenda.

Lakini ni jambo la ajabu sana, lazima nikiri. Chuma kikiona moto kinakuonya kwa rangi. Alumini inakaa kimya, kimya, kisha inakuaga. Kama lisingekuwa bati langu ningefurahi siku nzima.

Bwana Geti alikuja akachungulia tundu. Akauliza kama hilo ndilo dirisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Sabuni! Nani angefikiri?

Fundi Inategemea, alipokwisha kuucheka unyusi wangu, amenifundisha. Unalisugua bati kwa sabuni, unalipasha moto polepole, sabuni ikigeuka nyeusi unaacha. Hapo alumini imelegea, wala haijafika pa kuyeyuka. Nilidhani ananichezea. Lakini mimi jambo likishaniingia kichwani sitalala mpaka nilione. Nikaenda nyumbani. Sabuni ya kufulia imekwisha. Iliyobaki ni ile ya mke wangu ya uso, ya waridi, anayoitunza ndani ya kisanduku. Nikaichukua kwa muda.

Ikawa kama alivyosema. Sabuni ilichemka, ikawa ya kahawia, ikawa nyeusi, nikaondoa moto. Bati likapoa. Nikalilaza juu ya mfuko wa mchanga, nikaligonga kwa nyundo ya mbao, nalo likaitikia! Lilizama taratibu chini ya nyundo, likaanza kuviringika, ule mzingo wa shavu ukajitokeza wenyewe. Nikigonga hapa linainuka kule. Nikawa najiuliza tu, je, nikigonga huku? Na nikigonga pembeni? Banda zima lilinukia waridi. Nilisahau kuna funguo, nilisahau kuna mwanyumba, nilisahau nani ni mwanangu wa nani. Nilikuwa na furaha tele, nasema wazi, furaha ya kitoto.

Hata Bwana Geti aliacha mluzi wake akaja kutazama. Kwangu hiyo ni medali.

Jioni mke wangu ameuliza sabuni yake iko wapi. Nimesema panya. Amesema hatuna panya. Nimesema ndiyo maana sikuwaona.

Jumanne, 16 Septemba

Upande wangu umesimama! Madigadi mahali pake, mlango mahali pake, vyote vimekazwa kwenye fremu kwa boliti nilizopewa na Bwana Geti mwenyewe, za chuma, nzito, za mageti. Rangi juu. Fundi Inategemea amekuja kuuliza mpira wa kutenganisha uko wapi. Nimemwambia mpira utaacha mwanya, na mwanya Bwana Geti atauona akiwa kwake amelala. Amesema haya. Amerudi kwenye tairi.

Sasa naandika jambo ambalo silipendi. Kazi ya Bwana Geti ni nzuri. Mlango wake umekaa kwenye fremu kana kwamba haukuwahi kutoka. Bado haujapakwa rangi, chuma kitupu, kinang'aa, mistari imenyooka. Niliutazama mpaka kijicho kikanipanda kooni. Nikaikumbuka ile glasi ya maji ya kahawia.

Mchana alikwenda kula. Fundi Inategemea alikuwa amesinzia na karanga mkononi. Nikachukua ndoo, maji, na chumvi ya kutosha. Nilijiambia naosha gari, na gari huoshwa. Nikaumwagia mlango wake nje, nikaumwagia ndani kupitia upenyo wa kioo, nikamalizia yote chini ya kizingiti. Maji yalipita humo yakapotea sakafuni mwa gari. Sikujali yalikoelekea. Gari limeinamia kidogo upande wangu kwa sababu ya jeki mbovu. Sioni kama lina maana, nimeliandika kwa kumbukumbu tu.

Alhamisi, 18 Septemba

Haki hakuna duniani.

Bwana Geti aliukuta mlango wake umevaa kutu nyembamba ya rangi ya machungwa. Nilijiandaa kumpa pole, nilikuwa nimeifanyia mazoezi kabisa. Yeye akainua mabega. Akachukua msasa, akaisugua, akapaka rangi ya msingi, saa sita akawa amemaliza. Alisema afadhali, sasa rangi itashika vizuri zaidi. Vizuri zaidi!

Kisha nikageukia upande wangu. Lo! Kila penye boliti pana unga mweupe. Rangi imeinuka malengelenge. Nilichukua unga huo kwa ncha ya kidole nikauonja. Una chumvi! Nikamtazama Bwana Geti kwa jicho kali. Mtu anawezaje kuumwagia mlango wa mwenzake chumvi? Ni roho mbaya ya namna gani?

Nikamwita Fundi Inategemea. Akautazama ule unga, akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Akasema ndiyo sababu aliyotaka kunipa siku ile nilipoondoka: alumini ikigusana na chuma, halafu yakaingia maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Akauliza hayo maji ya chumvi yametoka wapi. Nikamwambia abangue karanga zake.

Nyumbani mambo ni yaleyale. Mke wangu alihitaji glasi, kwa hiyo vile vipande viwili alivitumbukiza pamoja katika glasi moja. Leo alumini imeota unga mweupe. Na chuma? Kimetulia! Kutu haijaongezeka. Nimekaa mbele ya glasi hiyo mpaka chakula kimepoa. Yaani alumini inaliwa ili chuma kipone? Imeagizwa na nani? Na ina maana kwamba bandani alumini yangu inaumia ili kuyalinda mageti ya watu? Mke wangu amesema hivi vitu viwili havifai kuwekwa chombo kimoja, vinamkumbusha mimi na shemeji yake. Nimesema glasi haikuoshwa vizuri.

Nimekwangua unga wote, nimepaka rangi mara mbili. Sasa huwezi kujua. Boliti zinacheza kidogo, lakini ni jambo la ndani.

Jumamosi, 20 Septemba

Kesho ndiyo kesho. Na leo mchana, tunakula, mke wangu ananitajia jambo kana kwamba ananiambia mvua itanyesha. Anasema mama yake hatatazama rangi. Atasikiliza milango. Walipokuwa watoto walijua wazazi wamerudi kwa kusikia milango miwili ya gari, wa mama kwanza, halafu wa baba. Dhu. Dhu. Hapo ndipo walipokimbilia madaftari yao wajifanye wanasoma.

Siku zote hizi ananiambia leo! Niliacha tonge nikakimbia bandani. Nikaufunga mlango wa Bwana Geti. Dhu. Nikaufunga wangu. Chwa! Niliufunga tena. Chwa! Mlio wa kifuniko cha sufuria, hata kipofu angetaka kujua kinachopikwa.

Nilifikiri upesi. Chuma kinalia dhu kwa sababu ni kizito. Kwa hiyo alumini ikiwa nzito nayo itasema dhu. Nilifungua mifuko ya mchanga ya kugongea bati, nikaujaza mchanga ndani ya mlango kwa kopo, kopo baada ya kopo, huku nikijaribu. Chwa. Chu. Du. Dhu! Nilipiga makofi. Nikaongeza kidogo ili nimshinde Bwana Geti. Dhuuu!

Sasa mlango unafunguliwa kwa mikono miwili na bawaba zinaguna. Fundi Inategemea ameniuliza kama si wepesi ulionifanya nichague alumini. Nimemjibu kwamba inategemea. Ilinipa raha kusema hivyo.

Jumapili, 21 Septemba



Mama mkwe amekuja na miwani yake na kitambaa kizuri begani. Tulijipanga kama watoto wa shule. Alianza upande wa dereva. Akapitisha kiganja, akafungua, akafunga. Dhu. Akatikisa kichwa kukubali. Bwana Geti alivimba mpaka nikaogopa ovaroli litachanika.

Akazunguka mbele ya gari, polepole, akaja kwangu. Hapo alisimama muda mrefu kuliko kule. Aliigusa madigadi, ule mzingo wa shavu, akaupapasa, na midomo yake ikatabasamu. Naapa nimeiona! Kisha akashika kitasa akavuta.

Mlango ulikuja. Ulikuja wote. Boliti zilichomoka katika yale matundu yaliyoliwa, moja baada ya nyingine, mlango ukalala chini, na mchanga ukamwagika juu ya viatu vyake mpaka visionekane. Mama mkwe alibaki amesimama na kitasa mkononi.

Fundi Inategemea aliacha kutafuna. Bwana Geti alianza kucheka, akamwona mama mkwe, akageuza kikohozi. Mke wangu alifunika uso. Mimi niliomba ardhi ipasuke inimeze, lakini palikuwa na mchanga tu.

Mama mkwe aliketi juu ya tairi la fundi. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemliza, mama wa watu, mjane, mbele ya wanawe. Nilipiga magoti nimwombe radhi. Kumbe anacheka! Anacheka na machozi yanamtiririka, anajifuta kwa kitambaa, anautazama mchanga, anaanza upya.

Alipopata pumzi alisema baba mkwe hakuwahi kujua kuendesha gari. Maisha yao yote yeye ndiye aliyeshika usukani, na mumewe alikaa upande ule wa abiria akimweleza gari linavyofanya kazi. Alikuwa na wazo kila siku. Wakati mmoja kioo cha mlango huo kilivunjika, akaweka kipande cha meza ya kulia chakula, akasema ni imara zaidi, na kwa mwaka mzima hakuona anakokwenda. Alisema kila wazo la mzee yule liliishia kumwangukia yeye miguuni. Alisema pale alipokuwa anagawa gari alijua tangu mwanzo upande wa mumewe aupe nani, kwa kuwa mkwe mmoja tu ndiye anayefanana naye.

Sikuelewa hayo yanahusiana vipi na kazi ya bati, lakini niliitikia.

Akatoa hukumu. Funguo kwa Bwana Geti. Halafu akaniwekea mkono kichwani, nikiwa bado magotini, akasema: mwanangu, utautengeneza mlango huu upya, wa chuma, na ufunge kama ulivyokuwa ukifunga. Sipandi gari hili mpaka ufunge.

Mwanangu!

Amesema mwanangu. Kuna watu watatu wamesikia. Baada ya hapo sikusikia kitu, mke wangu ndiye aliyenirudia maagizo njiani. Bwana Geti alikuwa anazungusha funguo kidoleni na mimi nilimwonea huruma. Funguo ni vipande vya chuma tu.

Jumanne, 23 Septemba

Mimi ni mtu mpya. Nimemsikia mama na nimemtii. Bati la chuma limefika, Bwana Geti ameniazima meza yake na amecheka kwa kiasi. Mlango nimeuchora, nimeukata, nimeugonga. Chuma kinasamehe kweli! Nilikosea kona nzima, nikaigonga tena, ikarudi. Katikati nitaweka mpira hata pasipohitaji. Fundi Inategemea ameutazama akasema si mbaya. Hakusema inategemea. Si mbaya!

Mama amenipigia simu asubuhi kuuliza unaendeleaje. Akaniita tena lile neno. Nikamwomba arudie kwa sababu simu ilikuwa inakwaruza. Haikuwa inakwaruza.

Yote niliyokosea nimeyaona. Wingi wa mawazo. Haraka. Kutosikiliza. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba kuanzia sasa nafanya ninachoambiwa, hicho tu, hakipungui hakizidi. Amenishika mkono. Amefurahi sana.

Mchana Bwana Geti amekwenda kula. Nilikuwa nimelala kwenye kiti cha abiria, najinyoosha mgongo, macho yakaangukia paa. Paa la chuma, zito, tena liko juu, mahali ambapo uzito haufai kabisa. Hivi gari likipata paa jepesi si litatulia zaidi kwenye kona? Na kipande cha alumini kimenibakia, kikubwa, ukubwa uleule kasoro kidogo. Mvua ikinyesha juu yake italiaje? Nauliza tu.

Nimeyarudia maneno ya mama, moja moja, kwa heshima zote. Alisema mlango. Mlango uwe wa chuma. Paa hakulitaja.

Nimeshalikata.